Muhula wa Tatu wa Baba

Baba yangu aligombana na marais wengi kabla ya kunywa chai ya asubuhi. Redio yake ilikaa juu ya kabati la vyombo, na taarifa ya habari ikimtaja rais wa nchi fulani aliyebadilisha katiba ili ajiongezee muhula, Baba alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Miaka kumi imepita na bado hatoki! Huko ndani amepoteza nini, sindano?" Mama, enzi za uhai wake, alimjibu kutoka jikoni kwamba rais huyo yuko mbali na uji uko karibu.

Baba alitoka Ukambani akiwa kijana, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi za serikali pale Kajiado mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu alijenga Kitengela, kwenye ploti aliyoinunua wakati pundamilia bado walikuwa majirani. Nami nilipopata ualimu nilijenga ploti mbili kutoka kwake. Udongo wetu ni ule mweusi wa kunata, na mvua ikinyesha unatoka nyumbani na kilo mbili kwenye kila kiatu, lakini maji ya kunywa hakuna. Kwa hivyo majirani tuliungana tukachimba kisima. Baba akachaguliwa mwenyekiti. Mimi nikawa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sikuombwa, niliamriwa.

Katiba ya kikundi aliiandika mwenyewe, mimi nikapiga chapa. Alipofika kifungu cha uongozi akasimama katikati ya sebule yangu kama anahutubia bunge. "Andika. Mwenyekiti atakaa miaka mitano. Akichaguliwa tena, mitano mingine. Hakuna mwingine baada ya hapo. Kama rais."

"Baba, hiki ni kisima tu."

"Ndiyo maana. Mwenye kisima ana nguvu kuliko rais. Rais akikunyima kitu unaweza kuishi."

Niliandika. Na ukweli ni kwamba aliongoza vizuri, hata adui yake angekubali, kama angekuwa naye. Jua lilipochomoza lilimkuta kwenye pampu na koti lake la kijivu na spana mkononi. Alijua bomba la kila nyumba. Maji ya kisima chetu hayakutosha kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hivyo yalienda kwa zamu: siku moja upande wa juu, siku ya pili upande wa chini, na kubadilisha zamu ni kufunga valvu moja na kufungua nyingine. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Mama alipotuacha, miaka minne sasa, nilidhani Baba atamfuata. Siku ya tatu baada ya mazishi nikamkuta kwenye pampu, macho mekundu, anakaza nati. "Watu hawawezi kukosa maji kwa sababu ya machozi yangu," akasema. Tangu siku hiyo nilikiogopa na kukipenda kisima kile, maana ndicho kilichomwamsha.

Kisha akaanza kusahau.

Mwanzo vilikuwa vitu vidogo, miwani, jina la mjukuu, nani hasahau? Lakini mwaka jana alisahau valvu ya upande wa chini. Watu wa kule walikaa siku tatu bila tone, wakanunua maji ya mikokoteni ya punda, na hakuna aliyefungua mdomo. Walikuja kuniambia mimi, kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mzee amechoka tu. Usimwambie. Tusimwaibishe." Miezi miwili baadaye ikawa vilevile. Mara ya tatu nilipita pale jioni nikitoka shule, nikaona gurudumu la valvu halijaguswa, nikavua viatu vya kazi, nikalizungusha mwenyewe kwa mikono yote miwili huku nikitazama nyuma kama mwizi. Nilifika nyumbani nikalia. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo nililia mpaka sukuma wiki ikaungua jikoni.

Hapo ndipo muhula wake wa pili ulipokaribia kwisha.

Mnajua watu wanavyompenda kiongozi mzuri? Wanampenda vibaya. Kila nilipopita dukani nilisikia, "Mzee hatoki! Bila yeye hiki kisima kitakauka." Hata wale wa chini walisema hivyo hivyo. Na dereva mmoja mstaafu, jirani yetu wa upande wa juu ambaye angekuwa wakili kama angepata karo, akaja na akili yake. Miaka mitatu iliyopita sheria za vikundi zilibadilika, nasi tukajiandikisha upya kule Kajiado, tukabadilisha jina kutoka kikundi kuwa shirika. "Shirika jipya, hesabu mpya," akasema dereva. "Mzee amekaa miaka mitatu tu kwa shirika. Hata muhula mmoja hajamaliza!"

Nilicheka. Nilidhani Baba naye atacheka, maana hila hiyo hiyo aliwahi kuisikia redioni, rais wa mahali fulani akidai katiba mpya imefuta miaka yake ya zamani, na Baba akamwita jambazi wa kalenda. Siku mbili alikataa. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Hebu nenda Kajiado unitolee nakala ya kile cheti chetu. Nataka kuona tarehe."

"Baba, si wewe ulimwita yule rais jambazi kwa hesabu kama hii?"

"Yule ana jeshi," akasema. "Mimi niko na spana. Usinifananishe."

Nyani haoni kundule. Lakini utamwambia nani hivyo, baba yako mzazi?

Nilienda Kajiado siku ya soko la mifugo. Kule ofisini mwanamke wa dirishani alinipa nakala, akaisoma kwa kidole, akanitazama juu ya miwani. "Hii ni kujiandikisha upya tu, mama. Kisima ni kile, watu ni wale. Lakini wanachama wakikubali aendelee, sisi ni nani?" Kwa hivyo hata serikali ilinawa mikono, ikaturudishia sisi wenyewe. Nilitoka nje na bahasha kwapani. Nilitaka mtu aniambie haiwezekani. Nilitaka sheria inifanyie kazi yangu.

Kwenye hoteli moja karibu na soko nikasikia salamu ya Kimaasai, "Takwenya!"

"Iko!" nikaitika kabla sijageuka, maana sauti ile naijua. Alikuwa jirani yetu Mmaasai, mama wa makamo, ambaye ploti zetu zote zilitoka kwa familia ya mumewe. Alikuwa amekuja kuuza fahali wawili na sasa alikuwa anamaliza bakuli la supu. Ni mwanachama wa kisima tangu mwanzo. Uenyekiti hautaki hata kwa dawa. Husema ng'ombe wanamsumbua vya kutosha, binadamu wa nini tena. Nilikaa, nikaagiza chai, nikamwaga yote, valvu na cheti na dereva na akili yake. Alisikiliza akitafuna mfupa.

"Mimi juzi nimenyoa kijana yangu," akasema.

Nilikuwa nimesikia kuhusu sherehe yao, ile ya eunoto, wamorani wanapomaliza umorani wao na kuanza safari ya kuwa wazee. Mwanawe alikuwa amefuga nywele kwa miaka, zimesukwa nyuzi nyembamba, zimepakwa udongo mwekundu mpaka mgongoni. Siku hiyo zinanyolewa zote. Na anayenyoa ni mama.

"Alikubali?" nikauliza.

"Akubali wapi! Alitetemeka, akanguruma kama simba, wanaume wanne wakamshika. Kijana mkubwa hivyo, amesoma, ako na simu mbili! Ananiambia, yeyo, mama, ngoja kidogo. Yeyo, kesho. Nikamwambia hakuna kesho. Wale wako nyuma yako pia wanataka kuwa wamorani. Nikamwaga maziwa na maji kwa kichwa, nikaanza."

"Na kwa nini mama? Si wangetafuta kinyozi?"

Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto wa darasa la kwanza. "Mtu mwingine si atamkata? Ile kichwa iko na hasira, inaruka ruka. Lazima wembe ushikwe na mtu ambaye hataki damu itoke."

"Wewe hukulia?"

"Nililia. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikapika." Akasukuma bakuli. "Baba yako anakuitanga nani?"

Nilijua anakokwenda, nikakoroga chai yangu. Kwetu Ukambani mtoto wa kike akipewa jina la nyanya yake, baba yake humwita mama. Mimi nilipewa jina la mamake Baba. Tangu nizaliwe ameniita Mwaitu, mama yangu, hata alipokuwa akinichapa.

"Anakuita mama," akajibu mwenyewe. "Basi."

"Basi nini? Ni rahisi kwako kusema!"

"Si rahisi. Mimi nimetoka kufanya." Akainuka, akalipa supu yake na chai yangu, akaenda kuwaangalia fahali wake. Nilibaki pale nimemkasirikia kwa sababu hakuniachia pa kutokea.

Usiniulize nililala vipi wiki hiyo. Upande mmoja niliona asubuhi za Baba zikiwa tupu, mzee ameketi kitandani hajui avae viatu kwa sababu gani. Upande mwingine niliona watu wa chini, huruma yao ikiisha kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, mpaka siku moja mama fulani mwenye mtoto mgonjwa amfokee mbele ya watu. Na akishafokewa mara moja, miaka kumi ya kazi nzuri itasahauliwa kwa siku moja. Watu watasema, yule mzee aliyekataa kutoka. Jina lake ndilo lililokuwa mezani, na yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi, chini ya hema, kando ya tangi. Baba alikuwa amevaa suti ya ukarani wake. Dereva alisimama, akaeleza hesabu yake mpya, akaomba wanachama wapitishe hoja kwamba mwenyekiti aendelee. Makofi! Vigelegele! Baba aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini mimi namjua, alikuwa anavitabasamia viatu vyake.

"Kuna anayepinga?" dereva akauliza, kwa desturi tu, ameshaanza kukaa.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima na sikuuona, herufi zilikuwa zinaogelea.

"Mimi napinga."

Hata punda aliyekuwa nje alionekana kushangaa.

"Kifungu hiki kiliandikwa na huyu mzee mwenyewe," nikasema. "Mimi nilikipiga chapa. Alisema hakuna mwingine baada ya hapo. Kwa miaka kumi tumekunywa maji yake, na hajawahi kutudanganya hata mara moja. Msimfanye aanze leo, na uzee huu. Kama mnampenda, acheni neno lake lisimame." Nikakunja karatasi yangu, nikakaa.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, na alitaka nisikie, "Huyu ni mtoto wa aina gani? Ngai!" Mwingine akafyonza. Sikugeuka. Kuhusu valvu sikusema neno.

Kubadilisha lolote katika katiba yetu, hata namna ya kuhesabu miaka, kunataka theluthi mbili ya mikono. Ya kukubali iliinuka mingi, mingi sana. Kisha ya kupinga. Wa kwanza alikuwa jirani yangu Mmaasai, mkono juu, shanga zikilia, macho mbele. Halafu mmoja wa upande wa chini. Halafu mwingine. Waliinua polepole, wakiangalia ardhi, kama watu wanaokiri dhambi. Baba aliwatazama mmoja mmoja. Nilimwona akishangaa, kisha akiumia, kisha akijaribu kuelewa, na hakuelewa.

Theluthi mbili haikufikiwa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, ilimbidi atangaze mwenyewe. Alisimama wima kabisa. "Hoja imeanguka," akasema. "Katiba imebaki ilivyokuwa." Akaendesha uchaguzi mpaka mwisho, akampongeza mwenyekiti mpya, muuguzi mmoja wa upande wa chini, akamkabidhi spana. Kisha akaenda nyumbani kwa miguu bila kunisubiri.

Wiki tatu hakuzungumza nami. Nilipeleka chakula, akapokea. Nilipiga simu, akasema "Mm." Asubuhi nilimwona kutoka dirishani kwangu, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake, koti la kijivu amelivaa, mikono juu ya magoti, hana pa kwenda. Haki ya Mungu, niliona nimemuua baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimlaani dereva, nikamlaani jirani yangu na wembe wake, nikailaani hata katiba. Shuleni nilikuwa mkali mpaka watoto wakawa wananikimbia.

Alasiri moja akaingia kwangu bila kubisha. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Akasimama jikoni, hakukaa.

"Nimetoka chini," akasema. "Nimepita nyumba zote zilizoinua mkono. Nilitaka waniambie nimewakosea nini." Akapangusa vumbi kwenye mkono wa koti. "Walikataa. Wote walikataa, wakanipa chai. Mpaka nilipofika kwa yule mama wa mapacha. Yeye akaniambia."

Nikaweka kisu chini.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Mara mbili?"

"Tatu. Ya tatu niliifungua mimi."

Alishika ukingo wa sinki. Nilimwona mzee ghafla, mzee kabisa, na suti yake na redio yake na marais wake wote. "Siku ile ya mkutano," akasema, "ungetaja hiyo valvu, ungeshinda mapema. Hakuna ambaye angekuzomea. Kwa nini uliacha wakutukane?"

"Ningeitaja, wangekutoa," nikasema. "Sikutaka utolewe. Nilitaka utoke."

Nilidhani atanikaripia, na kusema kweli ningefurahi. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeuliza njia, "Sasa mimi nitaamka niende wapi?"

Nina shahada ya ualimu, nina mdomo Kitengela nzima inaujua. Lakini nilimwambia kitu cha kwanza kilichokuja. "Njoo hapa."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu akagonga mlango, amenyoa ndevu, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimfungulia na kitambaa cha kulalia kichwani. Tangu siku hiyo hajakosa. Anakunywa chai, anawatukana marais wawili watatu, ananiuliza nimewafundisha nini watoto wa watu, anaondoka jua likiwa kali.

Ila kuna asubuhi ambazo hasimami. Namwona dirishani, anapita lango langu na hatua za haraka, mkono wa kulia umekunja ngumi kama umeshika spana, anaelekea kwenye pampu. Siku hizo natoka mbio, hata bila viatu, namshika mkono polepole kabla majirani hawajaamka.

"Nilikuwa nanyoosha miguu tu," ananiambia.

"Najua, Baba," namjibu. "Mimi pia." Na tunarudi pamoja.